Kosa la Kwetu

Kazi yangu ya kwanza haikuwa na cheo. Nilipomaliza chuo nilirudi kwa mama, Ilomba jijini Mbeya, na baada ya miezi kadhaa ya kusubiri majibu ya barua za maombi, mtu aliyenifundisha hesabu sekondari aliniita ofisini kwake Mwanjelwa. Alikuwa ameacha ualimu na kuanzisha kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta. Mimi niliendelea kumwita Mwalimu, na mpaka leo siwezi kumwita vingine. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na bwana mmoja mkimya aliyeshughulikia vifaa, yaani nyaya, betri na seva yetu, ambayo ilikuwa kompyuta ya kawaida iliyopandishwa juu ya stuli ili paa likivuja maji yasiifikie.

Siku ya kwanza nilimuuliza Mwalimu kazi yangu itakuwa ipi. Akajibu kwamba itakuwa ile itakayokuwepo. Sikumwelewa, ila baada ya wiki mbili nilielewa vizuri. Asubuhi nilifagia, kwa sababu ilikuwa zamu yangu. Kisha nikaandika programu. Mchana nikapokea simu ya mteja aliyesahau neno lake la siri, jioni nikaenda Mbalizi kumfundisha mwenye duka la dawa jinsi ya kutafuta jina la dawa kwenye mfumo tuliomtengenezea. Kama jambo halikufanyika, nilijua nani hakulifanya. Mara nyingi nilikuwa mimi.

Kazi tuliyojivunia zaidi ilikuwa ya wafugaji wa bonde la Usangu. Wengi wao ni familia zilizohama kutoka kaskazini na mifugo yao miaka mingi nyuma, na kambi zao ziko mbalimbali, kwa hiyo bwana mifugo wa eneo lile alikuwa akipata taabu kuwakusanya siku za chanjo. Mwalimu alipendekeza tuwapigie simu kwa kompyuta. Meseji za kuandika zisingefaa, kwani wazee wengi hawasomi. Tukarekodi sauti, na kwa kuwa mwanamke ofisini nilikuwa mimi peke yangu, na Mwalimu aliamini kwamba sauti ya mwanamke husikilizwa, sauti ikawa yangu. Nilijifungia chooni, mahali pekee pasipo na kelele za soko, nikasema, "Habari za leo. Kesho asubuhi kuna chanjo ya ng'ombe. Tafadhali leteni ng'ombe wote." Mfumo ulipiga namba moja baada ya nyingine na kuwaambia watu maneno hayo kwa sauti yangu. Ulifanya kazi vizuri karibu mwaka mzima.

Halafu siku moja mchana niliamua kurekodi upya, kwa sababu rekodi ya kwanza ilikuwa na mwangwi. Nikaiweka rekodi mpya kwenye mfumo, nikabonyeza ili nijipigie mwenyewe na kuisikiliza. Simu yangu haikuita. Nikasubiri, nikabonyeza tena, kimya. Nikaona mtandao umekuwa mbovu, nikafunga kompyuta, nikaenda nyumbani kumsaidia mama kumenya ndizi.

Hatukuwa na mahali pa kujaribia kando na mfumo wenyewe. Orodha ya namba ilikuwa moja tu, na namba yangu haikuwemo.

Asubuhi iliyofuata bwana mifugo alimpigia Mwalimu. Niliona uso wa Mwalimu ukibadilika taratibu. Alisikiliza, akasema ndiyo, akasema tena ndiyo, kisha akaweka simu mezani na kuniuliza kama jana niligusa mfumo wa chanjo. Nikamweleza. Yule bwana wa vifaa akaangalia kwenye seva, akathibitisha: kila mfugaji kwenye orodha alikuwa amepigiwa mara mbili. Tangu alfajiri watu walikuwa wakiswaga ng'ombe kuelekea kwenye zizi la chanjo, na hapakuwa na daktari wala dawa.

Mwalimu hakunigombeza. Alivaa koti lake, akachukua ufunguo wa gari, akasema, "Twende."

Njia nzima nilikaa nimebana mikono katikati ya magoti kama mtu anayepelekwa kituoni. Tulipofika, jua lilikuwa limeshapita utosini. Sijawahi kuona ng'ombe wengi vile. Vumbi lilisimama juu yao kama ukuta, na wanaume walikuwa wamejipanga kivulini mwa migunga na fimbo zao, wametulia kwa namna ambayo ilinitisha kuliko kelele. Katika msongamano wa asubuhi ndama mmoja alikuwa amekanyagwa mguu. Alikuwa amelazwa pembeni, akihema haraka haraka.

Mwalimu alisimama mbele yao, mimi nikiwa ubavuni mwake. Akasema hakuna chanjo leo, kwamba simu ile ilitoka kwetu kwa bahati mbaya, na kosa ni la ofisi yake. Kijana mmoja akawa anageuza maneno yake kwa Kisukuma. Kisha Mwalimu akanigeukia, akaniambia kwa sauti ya chini nami niseme. Nikasema. Sikumbuki nilisema nini, nakumbuka tu kwamba nilipoanza, vichwa viliinuka kwa pamoja. Walikuwa wameitambua sauti.

Bibi mmoja mwembamba, amejifunga kaniki, alitoka kati ya wanawake akanisogelea. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye ndama. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanitazama usoni.

"Wewe ndiye simu?" akauliza.

"Ndiyo, bibi. Ni mimi."

"Nilidhani simu ni mtu mzima," akasema. Kisha akanishika kifundo cha mkono, akanipeleka kwa ndama, akataka nimwangalie. Nikamwangalia. Tulikaa pale vumbini muda mrefu. Mwishowe akasema ndama atapona au hatapona, na kwamba twende tukale, kwa kuwa hatukuonekana kama watu waliokula. Tukapewa ugali na maziwa ya mgando. Wiki ya pili bwana mifugo alituambia ndama alikufa.

Baada ya siku ile niliiogopa mikono yangu. Kila nilipotaka kubonyeza kitu nilisita, nikamwita Mwalimu aangalie, naye akaangalia bila kulalamika, lakini alikuwa na kazi zake. Nilianza kuota mahali ambapo kosa la mtu mmoja haliwezi kutoka nje ya mlango. Watu niliosoma nao walikuwa wananisimulia kuhusu makampuni makubwa, jinsi kila mstari wa programu unavyokaguliwa na watu wawili, watatu. Nikaomba kazi kwenye kampuni moja ya simu yenye matawi nchi nzima, na baada ya usaili wa hatua tano nikapata.

Timu yangu ilikuwa Dar es Salaam, lakini kampuni ilikuwa imeanza kuruhusu watu wakae mikoani. Tawi la Mbeya halikuwa na nafasi. Wakanipa meza Iringa, ghorofa ya pili, juu ya ukumbi wa huduma kwa wateja. Nilipomuaga Mwalimu aliniandikia barua nzuri ya sifa. Niliisoma kwenye basi, nikaona haya.

Huku kwingine nilikuwa na cheo kirefu, chenye maneno manne, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni: wiki tatu za kwanza sikuruhusiwa kugusa chochote. Niliomba ruhusa ya kuingia kwenye mfumo, ombi likapewa namba, namba ikasubiri mtu aliyekuwa likizo. Nilikuja kazini kila asubuhi, nikaitikia salamu za "kamwene" za walinzi, nikapanda ngazi, nikakaa na sweta langu mbele ya skrini nikisoma maelekezo. Mshahara ulipoingia nilijiuliza ni wa nini. Nilimwandikia msimamizi wangu kwamba samahani, bado sijafanya kitu. Alikuwa dada mpole wa Dar niliyemwona kwenye skrini tu. Akanijibu kwamba naendelea vizuri sana.

Mwishowe nikapewa kazi. Kulikuwa na kundi la kuandika meseji, kundi la kuzituma, kundi la kuhesabu ngapi zimefika. Sisi tulikuwa kundi la kuchagua nani atumiwe. Ndani ya kundi hilo, mimi nilikuwa na kipande kimoja cha sharti, yaani mistari michache ya programu inayosema nani achaguliwe na nani aachwe. Niliuliza kwenye mkutano nani hasa wanaozipokea hizi meseji zetu na wanazionaje. Mtu akasema hilo ni swali zuri, likaandikwa mahali. Sijui liliandikwa wapi.

Nilifurahi, kusema kweli. Nililala vizuri. Kazi yangu ilikaguliwa na wawili, ikajaribiwa na mtu wa tatu kwenye mfumo wa majaribio ambao haukuwa na namba ya mtu yeyote wa kweli, ikaidhinishwa na wa nne. Lakini nyumbani nilishindwa kueleza ninachofanya. Mama, ambaye alikuwa muuguzi na kila siku ya kazi yake aliweza kuisema kwa sentensi moja, aliniuliza kwenye simu mara tatu kwa miezi tofauti. Mara ya tatu nilisikia akimwambia jirani kwamba mwanaye anasajili laini za simu Iringa. Sikumsahihisha.

Mwaka wa pili kampuni ilitaka kuwaambia wateja ambao hawajathibitisha usajili wao kwamba waende tawi lolote na vitambulisho, la sivyo laini zitafungwa. Sharti la kuwachagua lilikuwa langu. Niliandika, wawili wakakagua, wa tatu akajaribu, wa nne akaidhinisha. Meseji zikatoka Jumatatu.

Jumanne asubuhi nilikuta foleni imeanzia mlangoni mwa tawi, imeteremka ngazi za nje, imezunguka kona. Nilidhani kuna zawadi zinatolewa. Nikapita pembeni, nikapanda juu, na kabla sijakaa nikaona kwenye skrini watu wa Dar wakiulizana. Nikafungua kipande changu. Nilikuwa nimeandika sharti kinyume. Waliotumiwa meseji ni wale waliokwisha kuthibitisha, na wasiothibitisha hawakutumiwa chochote.

Mwili ulifanya kitu kilekile alichofanya Mwalimu siku ile Mwanjelwa. Nilisimama, nikavaa koti, kisha nikabaki nimesimama na koti langu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniambia twende.

Nikamwandikia msimamizi: ni mimi, sharti ni langu, naomba radhi. Alinipigia mara moja. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. Aliniambia nisijilaumu, kwamba kundi jingine linaandaa meseji ya kusahihisha, na kesho tutakuwa na kikao cha kutafuta chanzo.

"Na hawa watu wa chini?" nikauliza. "Nani anakwenda kuwaomba radhi?"

"Kwenda wapi?" akasema. Hakuwa akinikejeli. Aliuliza kweli, maana foleni kama ile ilikuwepo siku hiyo karibu kila mji, na yeye alikuwa ghorofa ya juu mjini Dar.

Nilikata simu nikashuka. Mhudumu wa mapokezi alikuwa akiwaambia watu wasubiri. Mimi nikatoka nje hadi katikati ya foleni, mahali palipokuwa na mzee mmoja aliyevaa koti zito na kofia ya sufu, ameshika bahasha yenye kitambulisho. Nikamwamkia. Akasema ametoka Kilolo, ameondoka nyumbani kabla jua halijachomoza, kwa sababu laini ile ndiyo wanayoitumia watoto wake walio mbali. Nikamwambia laini yake haina tatizo, haitafungwa, meseji ilikosewa, anaweza kurudi nyumbani.

Akanitazama. "Ilikosewa na nani?"

Nilifungua mdomo. Lile neno "na mimi" lilikuwa pale kabisa. Lakini nikafikiria wawili waliokagua, na wa tatu, na wa nne, na dada wa Dar, nikaona kwamba nikisema ni mimi nitakuwa kama ninajisifu, kama ninadai foleni nzima ni mali yangu.

"Kosa ni la kwetu, baba," nikasema. "La kampuni."

"Ahaa," akasema, kwa namna ya mtu aliyeambiwa kwamba mvua ndiyo iliyonyesha. Hakuniamini kuhusu kurudi nyumbani. Alibaki kwenye foleni mpaka akafika dirishani na kuambiwa maneno yaleyale na mtu mwenye sare.

Niliendelea na foleni, mtu kwa mtu, mpaka meneja wa tawi akaniita ndani. Alinieleza kwa adabu kwamba kuzungumza na wateja kuna idara yake na maneno yake, na kwamba nikisema mimi jambo moja na dirishani likasemwa jingine, watu watachanganyikiwa. Nikamwambia naelewa. Nilielewa kweli. Alikuwa na haki.

Kesho yake kwenye kikao msimamizi alifungua kwa kusema, "Hapa hatutafuti mtu. Tunatafuta tundu ambalo kosa limepitia." Tukalipata: fomu iliyotuletea ombi la meseji zile ilitumia neno lenye kusomeka namna mbili, na majaribio hayakuwa na mfano wa mtu aliyekwisha kuthibitisha. Yakarekebishwa yote mawili. Ripoti ilipotoka niliisoma mara nne nikijitafuta. Iliandikwa kwamba sharti lilitafsiriwa kinyume. Mimi sikuwemo. Wenzangu wakanipongeza kwa kutoa taarifa mapema, na mwisho wa mwaka jambo hilo likaandikwa kwenye tathmini yangu kama sifa.

Sijui kama ninaweza kueleza jinsi hilo lilivyonichanganya. Kwa kosa la kwanza nilikuwa nimekaa chini vumbini mbele ya ndama anayekufa, na hata kama mikono ilibaki na woga, nikatoka pale moyo ukiwa mwepesi. Kwa kosa la pili nilisifiwa, nikabeba kitu kifuani miezi mingi. Nikaanza kuamini kwamba kampuni ndogo ndiyo yenye utu, na kwamba Mwalimu alijua alichofanya aliponichukua kwenda Usangu: alitaka nisimame mwenyewe mbele ya watu ili nisiogope maisha yangu yote. Nilisimulia hivyo kwa wenzangu wa Iringa, tena zaidi ya mara moja. Wengine waliitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Basi nilipopata likizo nilikwenda Mbeya nikapanda ngazi za duka la magodoro. Mwalimu alikuwa amezeeka kidogo, na meza zilikuwa zimefika tano. Yule bwana wa vifaa alinyanyua mkono tu na kuendelea na nyaya zake. Nilimweleza Mwalimu yote, foleni, kikao, ripoti. Kisha nikamshukuru kwa siku ile ya Usangu, kwa somo lile.

Alinisikiliza huku akikuna kidevu.

"Somo gani, mwanangu?" akasema. "Mimi nilikuchukua kwa sababu nilikuwa naogopa. Bwana mifugo aliniambia watu wamekasirika na wana fimbo. Nikaona nikisimama na binti pembeni hawatanipiga."

Nilicheka nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Akaendelea, akisema kwamba kule kwetu, kwenye kampuni kubwa, walifanya sawasawa. Kama wakati ule angekuwa na mtu wa pili wa kukagua, na kompyuta ya kujaribia, ndama yule asingekanyagwa, na mimi nisingeondoka. Alinionyesha kompyuta mpya iliyokuwa pembeni, ya majaribio tu, isiyo na namba ya mtu yeyote. Akaniomba nirudi. Alitaka nimpangie utaratibu wa ukaguzi kama wa kampuni kubwa, maana vijana wake wanabonyeza tu, na akasema yeye ameshachoka kwenda kuomba radhi. Akanipa hadi mwisho wa mwezi nifikirie.

Nilitembea kwa miguu mpaka Ilomba nikiwa sijui hata nikasirike na nani. Kampuni kubwa ilikuwa na utaratibu ulioweza kumwokoa ndama, na haikuwa na mtu wa kumwambia mzee wa Kilolo pole. Kampuni ndogo ilikuwa na mtu wa kusema pole, lakini alisema kwa woga, naye sasa alitaka nimletee kile nilichokikimbilia Iringa. Na ule wepesi niliopata Usangu, uliotoka kwa bibi yule na wala si kwa Mwalimu, haukuwa wa kampuni yoyote.

Nilimweleza mama wakati tunakula. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Alisema kwenye zahanati alizalisha peke yake akaogopa, na kwenye hospitali ya rufaa alizalisha na wenzake watano akaogopa pia, ila huko chai ilikuwa inaletwa. Kisha akauliza kama Iringa bado kuna baridi ile. Nikamwambia ipo.

Nilimpigia Mwalimu siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, nikamwambia sitarudi kwa sasa, lakini nitamwandikia utaratibu wa ukaguzi bure. Aliponiuliza sababu nilisema ni mkataba. Si kweli, mkataba wangu ulikuwa unaisha. Nadhani niliogopa kugundua kwamba ofisi ile haikuwahi kuwa vile ninavyoikumbuka. Au labda nilipenda kulala vizuri. Yote mawili nimeyapima na bado sijui lipi lina uzito zaidi.

Nilisaini mkataba mpya. Niliomba jambo moja tu, kwamba siku moja kila mwezi niruhusiwe kukaa chini, kwenye ukumbi wa wateja, nisikilize. Msimamizi alilipenda wazo. Lilipita kwa watu wanne, likachukua wiki tano, likakubaliwa. Siku yangu ya kwanza meneja wa tawi alinipa kiti karibu na mlango na akaniomba, kwa adabu ileile, nisiwaahidi watu chochote.

Nikakaa. Asubuhi ile alikuja mama mmoja aliyepotelewa na laini, na kijana aliyetaka kujua kwa nini mtandao unakatika Ifunda. Nilimuuliza baba mmoja aliyekuwa anasubiri kama anazisoma meseji tunazomtumia. Akasema huwa anazifuta zote kabla hajazifungua, kisha akaniuliza kwani huwa ninazituma mimi. Nikamwambia mimi huchagua tu nani atumiwe. Akafikiri, akasema, "Basi usinichague." Nikaandika jina lake kwenye daftari langu, ingawa sikujua kama kipande changu cha mfumo kinaruhusu kumtoa mtu mmoja, nikapanda juu nikatuma ombi aondolewe, na hadi sasa ombi hilo lina namba, na namba inasubiri.